Mbwa Asiyetaka Buibui

Gongoni, 3 Februari 1986

Mke wangu Mahfudha,

Jana niliondoka mbio kwa kuwa lori la kiwanda halingojei mtu. Nilipofika hapa ndipo nikakumbuka sikukueleza vizuri habari za mgeni niliyekuachia uani. Naandika nyuma ya fomu za stoo, kwa hiyo usishangae kuona hesabu za magunia ya chumvi upande wa pili.

Mbwa yule anaitwa Bruno. Mwenyewe ni Mtaliano wa ile nyumba ya ufuoni, amefunga nyumba na kurudi kwao. Jamii yake ni mbwa wa kuwindia simba. Ukimtazama mgongoni utaona mstari wa nywele zilizolala kinyume na nyingine, na hiyo ndiyo alama ya asili yao. Wakali, wana akili, na hawanunuliki kwa mfupa. Bi Jaha wa jirani aliibiwa redio na cherehani mchana kweupe, nawe uko peke yako siku ishirini na tano katika mwezi. Mimi huku sina raha hata kidogo.

Najua utaniambia najisi. Nimemuuliza mwalimu wa msikiti wa hapa, anasema mbwa wa ulinzi hana neno, mradi asiingie tunamoswali na vyombo vyake viwe mbali na vyetu. Chakula chake kimeelezwa katika karatasi iliyomo kikapuni, aliyeiandika ni mwanamke aliyekuwa akimtunza. Usimfunge. Mnyororo wenyewe sikuuleta.

Tumjaribu mwezi mmoja. Niandikie kila juma unavyomwona, halafu tuamue mimi na wewe kama anatufaa au hatufai. Kwa sasa punguza kutokatoka mpaka akuzoee.

Mumeo,
Mahadhi

*

Malindi, Barani, 9 Februari 1986

Mume wangu Mahadhi,

Salamu zote unazozijua zichukue, maana kalamu hii inakaribia kukauka na habari ni nyingi.

Mgeni wako ni mzuri, sikatai. Rangi yake ya sukari guru, kifua kipana, na anatembea uani kama yeye ndiye aliyejenga. Siku ya kwanza nilimpelekea sima na utumbo, nimejifunga leso zangu, akala, akanitazama, akaenda kulala chini ya mpera. Nikasema alhamdulillahi, tutaishi.

Alasiri nikavaa buibui niende mtaa wa Shela kumsafisha mama kidonda. Sijafika hatua tatu, akainuka. Hakubweka. Nywele zile za mgongoni zikasimama, akaja mzima mzima. Nikawahi ndani nikaufunga mlango, pindo la buibui likabaki nje mdomoni mwake. Amelichana kipande cha shubiri mbili, nami nimesimama nyuma ya mlango namsikia akikitikisa.

Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu nikajifanya mjanja. Nikalikunja buibui ndani ya kikapu, nikavuka ua kwa leso, salama salimini, nikafika langoni. Kulitoa tu nilivae, huyo! Nikapanda juu ya pipa la maji, nikakaa huko kama kuku mpaka magharibi inaadhiniwa. Bi Jaha akachungulia ukutani, akacheka mpaka machozi yakamtoka, ndipo akamtupia mbwa kichwa cha samaki nami nikashuka. Kichwa cha samaki kimemnunua, kwa hiyo yale ya mfupa usiyaamini sana.

Basi nikiwa na leso mimi ni mwenye nyumba, nikiwa na buibui mimi ni mwizi. Na kutoka langoni au kupita Shela bila buibui siwezi, wanaume wa barazani wanalitazama lango kutwa, tangu nilipokuwa mwari sijafanya hivyo, wala mama hatanipokea. Madirisha yana nondo, unazijua, ulizitia mwenyewe. Leo ni siku ya saba sijatoka. Samaki na unga ananinunulia Bi Jaha, ananishushia kwa kapu la kamba juu ya ukuta, na barua hii itapita humo humo.

Mama naye ananingoja siku ya saba. Njoo, au tuma mtu aje amfunge.

Mkeo,
Mahfudha

*

Gongoni, 14 Februari 1986

Mahfudha,

Hilo la pipa limenichekesha hadi wenzangu wa stoo wakauliza kuna nini. Sikuwaambia, usiogope.

Kuja siwezi. Jua ni kali, mabwawa yanakauka upesi, chumvi inavunwa kila siku na kila gunia lazima lipite mkononi mwangu kabla mvua hazijaanza. Mbwa atakuzoea. Mbwa wa asili ni kama farasi, anataka moyo wa mtu mwenye subira, nawe subira unayo. Mama yako ana mwana wa kiume pia, naye ana mke. Wamtunze kidogo na wao.

Tena nikwambie ukweli. Nikisimama juani nakufikiri uko nyumbani, lango limefungwa, mbwa yuko chini ya mpera, na moyo wangu unatulia. Zamani nilikuwa sijui uko wapi. Nikija mwisho wa mwezi watu wa barazani wananiambia, tumemwona mkeo alasiri. Alasiri gani? Kila alasiri. Kwenda kwa mama si vibaya, lakini kila siku, mke wa mtu?

Hajaingia mwizi tangu afike. Hilo nalo lihesabu.

Mahadhi

*

Malindi, 18 Februari 1986

Mahadhi,

Kaka yangu yuko bandarini Mombasa na mkewe yuko naye, nawe ulijua hilo tangu siku ya kuja kuniposa. Mama ana sukari. Kidonda cha mguu wake hakitaki maneno, kinataka maji ya chumvi, kitambaa safi na mkono usiokuwa na kinyaa, kila alasiri. Hiyo ndiyo alasiri yenu ya barazani. Kama walitaka kujua ninakokwenda wangenifuata, wangenisaidia kubeba maji.

Bi Jaha anakwenda kumtazama siku mbili tatu, lakini macho yake mabovu, uzi hauoni sembuse usaha. Ameniambia kidonda kimeanza kunuka.

Siku kumi na sita sasa. Nimefagia nyumba mpaka sakafu inang'aa. Nasimama dirishani nimeshika nondo, naye amelala mlangoni ananitazama. Nimechoka, Mahadhi. Nimechoka na nina hasira.

Nijibu neno moja tu. Yule mwanamke aliyekuwa akimtunza, alikwambia lolote juu ya buibui?

Mahfudha

*

Malindi, 18 Februari 1986

Mama Zipporah,

Shikamoo. Hunijui. Jina lako na anwani yako ya kanisa la Ganze nimeyapata chini ya ile karatasi uliyoandika chakula cha Bruno. Mimi ni mke wa Mahadhi aliyemchukua.

Mbwa anakula vizuri, ana afya. Lakini akiniona na buibui hunijia kuniua, na bila buibui mimi sitoki. Nimefungika ndani tangu tarehe mbili ya mwezi huu. Mama yangu mgonjwa na mimi ndiye nguvu yake.

Wewe umeishi naye. Nifanyeje? Kama hafai kabisa kuwa katika nyumba ya watu kama sisi, niambie wazi, nitajua la kusema.

Mahfudha binti Aboud

*

Gongoni, 22 Februari 1986

Mahfudha,

Hakuniambia neno, ila kwamba mbwa hapewi chakula cha moto. Angeniambia, ningekuficha kwa sababu gani?

Mwisho wa mwezi huu sitakuja, wamezuia likizo. Vumilia. Mpe pole mama.

Mahadhi

*

Ganze, 27 Februari 1986

Mwanangu Mahfudha,

Bwana asifiwe. Marahaba. Barua yako nimeletewa na Randu mwenye duka nikiwa kondeni napalilia, nikaisomea huko huko na jembe mkononi. Nimeisoma mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza sikuamini.

Mumeo hakukwambia? Mimi nilimwambia langoni siku ile ya kumchukua, na Kombe aliyekuwa akilinda pale alikuwa akisikia. Nilimwambia, Bwana, mbwa huyu hana ubaya ila kwa buibui. Alikulia nyumba ya Wazungu, hajawahi kuiona nguo ile, mpaka siku moja akaja mama mmoja wa kuuza viazi, upepo ukalipeperusha buibui likamfunika, naye bado mtoto wa mbwa, kichwa kizima. Alilia siku ile! Tangu hapo akiliona tu ni vita. Nikamuuliza mumeo, kwako wanavaa? Akacheka, akasema, "Basi huyu ndiye niliyekuwa nikimtafuta." Nikadhani ni mizaha yenu watu wa mji. Nisamehe mwanangu. Ningejua ningekufuata mwenyewe kwa miguu.

Sasa sikiliza. Anaogopa, na kwa mbwa wa namna ile kuogopa na ukali ni kitu kimoja. Chukua buibui lako la zamani, ulilolivaa sana, usilifue. Litandike pale anapolala. Atalichana, mwache. Siku ya tatu weka chakula juu yake. Akishalala juu yake bila kulitafuna, livae ukiwa ndani, yeye nje, mlishe kupitia dirishani. Kisha mlango wazi kidogo. Usimtazame machoni na usiinue pindo. Mikono iwe chini, maneno ya polepole. Juma mbili zinatosha.

Na jambo jingine. Mtaliano alikuwa akimkimbiza ufuoni asubuhi na jioni. Mbwa huyu si wa kufungiwa ua mdogo. Akikaa bila kukimbia hasira zinamjaa, anatafuta pa kuzitolea. Nyote wawili mumefungiwa, mwanangu. Mulungu awatoe.

Zipporah Kabibi

*

Malindi, 13 Machi 1986

Mama Zipporah,

Shikamoo. Barua yako ilipofika niliisoma nikakaa chini sakafuni. Sikulia. Nilichukua ile barua ya Mahadhi anayosema hakuambiwa neno, nikaiweka kando ya yako, nikazitazama mpaka sima ikaungua.

Kisha nikafungua kabati. Nilikuwa na mabuibui mawili. Moja jipya, alinipa mama Idi iliyopita. Lile la zamani ni lile aliloniletea Mahadhi ndani ya sanduku la harusi, miaka mitatu nalivaa, harufu yangu yote imo humo. Nikamtupia mbwa hilo. Alilitwaa akaliburura ua mzima, akalichana mabega, nami nasimama dirishani naona kila uzi unavyokatika. Sikusikitika kama nilivyodhani.

Siku ya tatu chakula juu yake. Siku ya nne akalilalia. Sasa asubuhi namkuta ametia pua ndani ya mkono wa buibui. Jana nilivaa lile jipya mlango ukiwa wazi shubiri moja, nikamlisha kwa kijiko kirefu, nywele zikasimama, zikalala, akala. Kijiko nakiosha mara saba, mara moja kwa mchanga, kama inavyotakiwa, na mikono yangu vivyo hivyo, mpaka ngozi ya vidole imetoka. Mtu akisikia naosha kijiko cha mbwa siku nzima atadhani nimerukwa na akili.

Usemalo ni kweli, sote wawili tumefungiwa. Saa kumi za alasiri, saa yangu ya kutoka, yeye huanza kuzunguka ukuta, anazunguka, anazunguka, amechimba njia kabisa kwenye mchanga. Mimi huku ndani nami natoka chumbani naenda jikoni narudi chumbani. Juzi tulisimama wote kwa pamoja tukatazamana. Nilimwonea huruma. Sikutaka kumwonea huruma, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kitu kimoja kimenishangaza. Bi Jaha alipitisha mguu langoni jana akiwa na buibui lake, amesahau. Nilipiga kelele. Mbwa akamwendea, akamnusa pindo, akatikisa mkia! Lakini msoma mita wa maji alipokuja na suruali yake, mbwa alimrukia, naye akakimbia akaacha kiatu kimoja. Kiatu kiko hapa mpaka leo.

Mahadhi namwandikia kila juma kwamba mbwa hajambo, nami sijambo, sijatoka. Sijamwambia uongo hata mmoja.

Mwanao,
Mahfudha

*

Hospitali, 16 Machi, mchana

Mahfudha,

Naandikiwa kwa haraka na muuguzi, naye ndiye atakayekuletea barua, anapita huko Barani. Mama kaletwa huku leo asubuhi na majirani wa Shela, homa juu, mguu umevimba mpaka gotini. Daktari asema wangojea mtu wake wa damu ndipo wafanye la kufanya. Mimi nimesema mwanawe yuaja. Sasa mwanangu, ya mbwa ni ya mbwa. Njoo hata kwa leso.

Jaha

*

Gongoni, 21 Machi 1986

Mke wangu,

Mwezi wa majaribio umepita na nusu yake. Barua zako zimekuwa fupi lakini zimenifurahisha: mbwa hajambo, wewe hujambo, umetulia. Niliwaambia wenzangu, mwanamke akipata ulinzi hutulia mwenyewe. Nami nimeamua. Mbwa anatufaa. Nitamjengea kibanda cha mabati, na ukuta nitauongeza matofali mawili juu.

Nimesikia mama yako amelazwa. Aliyeniambia ni dereva wa lori, wewe hukuniambia, na nimeelewa ni kwa kuwa hukutaka kunitia wasiwasi. Nikija tutakwenda pamoja kumtazama.

Mvua zinakaribia, tumeruhusiwa. Nitafika Jumamosi tarehe 29, baada ya adhuhuri. Usimshike mbwa wala usimwite. Nataka nifungue lango mwenyewe nione kama atanijua bwana wake.

Mahadhi

*

Malindi, 28 Machi 1986

Mahadhi,

Barua hii namwachia Bi Jaha akupe kabla hujagusa lango. Isome yote ukiwa bado nje.

Mama hakufa. Wamemkata vidole viwili vya mguu. Daktari aliniuliza kidonda kama kile kimeachwaje wiki sita bila mtu wa kukisafisha. Laiti ningekwenda, vidole vile angekuwa navyo. Hilo nitalikumbuka kila nikimvisha kiatu, na ninataka nawe ulikumbuke.

Tarehe 16, ilipofika barua ya Bi Jaha, ilikuwa siku ya kumi na tatu ya kumfundisha mbwa wako. Sikuwa na hakika naye. Nilivaa buibui jipya, nikasoma kila dua niliyoijua, nikafungua mlango wote. Akainuka. Nywele zikasimama. Nikasimama mikono chini, sikumtazama, nikamwambia polepole, Bruno, mama yangu mgonjwa. Akaja akaninusa mkono, akatembea ubavuni mwangu mpaka langoni kama anayemsindikiza mgeni. Nilipita. Nilipofika barabarani ndipo nikalia, na watu wa barazani waliniona. Kama hawajakwambia, watakwambia.

Tangu siku hiyo natoka kila siku. Kila jioni hurudi kumlisha, halafu mimi na Bi Jaha tunampeleka ufuoni kwa kamba akakimbie. Hukujua hilo. Ulitaka nikuandikie ninavyomwona yeye, nami juu yake nilisema kweli. Yangu mimi uliniuliza lini?

Mama Zipporah alikwambia habari ya buibui. Alikwambia langoni, Kombe akisikia, ukacheka ukasema huyu ndiye uliyekuwa ukimtafuta. Ninayo kwa maandishi yake, na ninayo ya kwako inayosema hakukwambia neno. Nimezifunga pamoja kwa uzi. Ningeweza kukusamehe wivu, Mahadhi. Hata nondo nilikusamehe. Lakini ulisoma nilivyopanda juu ya pipa, ukacheka, ukijua.

Ulisema tuamue mimi na wewe. Wewe umekwisha kuamua peke yako, sasa sikiliza langu. Mbwa huyu ni mwaminifu, ana akili, na hajui hila. Nimemkagua mwezi na nusu, kosa sikuliona kwake. Nyumba yetu ndiyo haimfai. Anataka mahali pa kukimbia na mtu asiyemdanganya. Mama Zipporah amempatia kazi katika shamba la mkonge upande wa Kilifi, ekari na ekari, na atakuja kumchukua Jumatatu. Mpaka hapo Bi Jaha atamtupia chakula juu ya ukuta.

Mimi niko Shela kwa mama. Nitakaa huko. Kaka yangu amekuja kutoka Mombasa, ukitaka kuzungumza uje uzungumze naye, mchana, barazani, watu wasikie.

Kuhusu kuingia. Mwanamume yeyote anayefungua lango hilo, Bruno hamkubali, na wewe alikuona siku moja tu. Muulize Bi Jaha habari za kiatu cha msoma mita. Anayemkubali sasa ni mwenye buibui. Kwa hiyo lile la sanduku la harusi nimelitundika msumarini nje ya lango. Limechanika mabega na limejaa mate ya mbwa, lakini linafunika. Livae, ushushe mpaka miguuni, mikono chini, usimtazame machoni, sema naye polepole. Atakupitisha. Ukishafika ndani ujitwahirishe mara saba, na mchanga usisahau.

Usilivue karibu na dirisha, kwa sababu akikuona na suruali hatakuruhusu kutoka tena. Likikupata hilo, mwite Bi Jaha ukutani. Kapu la kamba liko pale pale. Uniandikie, nitakujibu.

Mahfudha binti Aboud